Ardhi Ibebayo Nyumba: Safari kutoka Kitale mpaka Bungoma

Mtu asafiriye kutoka Kitale kwenda Bungoma huangalia mashamba. Hutazama jinsi mahindi yalivyosimama, huhesabu ng'ombe malishoni, na upande wake wa kuume huuona Mlima Elgon umejifunika mawingu. Ni nadra kumwona msafiri anayeinama kuutazama udongo wenyewe, isipokuwa anataka kupanda kitu ndani yake. Hata mimi nilikuwa hivyo. Lakini safari yangu ya mwisho katika njia hiyo ilinilazimisha kuuliza udongo swali jingine: si utazaa nini, bali utabeba nini.

Sababu ya safari ilikuwa hii. Shemeji yangu, aliyemwoa dada yangu mdogo, alikuwa karani kwa miaka mingi, na alipostaafu alinunua kiwanja kando ya barabara, si mbali na mji wa Bungoma. Kiwanja chenyewe kilikuwa cha bei nafuu, nacho kilishuka kutoka barabarani mpaka kwenye bonde lenye kijito. Nia yake ilikuwa kujenga nyumba ya ghorofa, duka chini na vyumba vya kupangisha juu. Fedha alizokuwa nazo zilikuwa malipo yake ya uzeeni, pamoja na akiba ya dada yangu aliyoipata kwa kuuza mahindi na kuku. Hapakuwa na fedha nyingine nyuma ya hizo. Fundi alikuwa amekwisha kuvuta kamba na kupiga vigingi upande wa chini wa kiwanja, mahali palipo tambarare na rahisi kuchimbwa. Ndipo dada yangu aliponiletea habari Kitale, akasema, "Kaka, kabla hawajamwaga simiti, njoo uone."

Alijua kwa nini ananiita mimi. Miaka mingi iliyopita nilijenga nyumba ya vyumba vitatu juu ya udongo mweusi. Mwaka wa kwanza haikuwa na kasoro. Mwaka wa pili, wakati wa kiangazi, ufa mwembamba kama uzi ulitokea juu ya dirisha, nikauziba. Mvua ziliporudi ukafunguka ufa mwingine, na milango ikakataa kufungwa. Hata ulipofika mwaka wa nne niliweza kupitisha mkono wangu ukutani. Nikaibomoa, nikauza mabati, na simiti yote ikawa kifusi. Dada yangu aliishi katika nyumba ile alipokuwa msichana wa shule, na hakuisahau.

Basi siku ya safari niliamka alfajiri nikapita mjini Kitale. Mji huu uko katika kimo cha meta 1,900 hivi juu ya bahari, kati ya Mlima Elgon upande wa magharibi na milima ya Cherangani upande wa mashariki. Reli ilifika hapa mwaka 1926 ikitokea Eldoret, na nchi ya Trans Nzoia ikawa mojawapo ya ghala kuu za mahindi za Kenya. Udongo wa sehemu nyingi ni mwekundu, nao hupitisha maji vizuri. Mtu akichimba shimo la choo katika udongo kama huo, kuta za shimo husimama wima bila kuporomoka. Kwa hiyo nyumba nyingi za kawaida husimama kwa msingi wa futi mbili au tatu tu, na wenyeji hudhani kwamba ndivyo ilivyo duniani kote.

Lakini hata Trans Nzoia si nyekundu yote. Kaskazini-mashariki ya Kitale kuna kinamasi cha Saiwa, kilichofanywa mbuga ya taifa mwaka 1974 ili kumhifadhi nzohe, yule mnyama wa jamii ya paa aishiye majini. Mgeni akienda kule hutembea juu ya vijia vya mbao, kwa maana akikanyaga tope atazama. Nzohe hazami. Mungu amempa kwato ndefu zinazotanuka, hata uzito wake ukaenea juu ya mahali papana. Ng'ombe ana kwato fupi, naye akiingia kinamasini hudidimia mpaka afikapo udongo mgumu ulio chini, kama upo. Yeyote aliyepata kuwaona wanyama hao wawili ameziona njia mbili za kujenga juu ya udongo laini. Njia ya nzohe ni kuutandaza uzito. Njia ya pili ni kuupeleka uzito chini mpaka mahali pagumu, na hiyo ndiyo kazi ya nguzo za msingi, ambazo mainjinia huzipigilia au kuzimwaga ndani ya ardhi chini ya madaraja na majumba makubwa.

Nilipoyapita maghala marefu ya nafaka ya Kitale nilikumbuka kisa cha kweli ambacho mkulima wa mahindi ataelewa mara moja. Katika mji wa Transcona, karibu na Winnipeg katika Kanada, kampuni ya reli ilijenga ghala kubwa la ngano. Ghala tupu lilikuwa na uzito wa tani 20,000 hivi. Lilipokamilika mwaka 1913 walianza kulijaza. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, ngano iliyokuwa ndani ilifika tani zipatazo 23,800, yaani zaidi ya magunia 260,000 ya kilo 90. Ndipo ghala likaanza kuzama. Katika muda wa saa moja lilishuka kiasi cha futi moja, kisha likaanza kulala upande mmoja polepole, na kabla ya siku moja kwisha lilikuwa limeinama nyuzi 27. Jambo la ajabu ni kwamba halikuvunjika. Kuta zake zilikuwa imara kabisa. Kilichoshindwa ni udongo wa mfinyanzi uliokuwa chini yake.

Je, hawakuupima udongo? Waliupima. Waliweka kibao kidogo chini ya shimo la msingi, wakakilemea mizigo, nacho kikavumilia. Lakini kibao kidogo hupima udongo wa juu tu. Jengo pana husukuma mbali zaidi: kadiri upana unavyozidi, ndivyo uzito unavyofika chini zaidi. Udongo wa juu pale Transcona ulikuwa mkavu na mgumu, na chini yake palikuwa na mfinyanzi laini ambao kibao hakikuufikia. Wataalamu wawili, Peck na Bryant, walieleza jambo hili mwaka 1953 baada ya udongo kutobolewa na kupimwa upya. Ghala lenyewe liliokolewa. Walichimba chini yake, wakajenga nguzo mpaka kwenye mwamba, wakaliinua kwa jeki, likatumika tena. Lakini fikirini gharama ya kuweka nguzo chini ya nyumba iliyokwisha kuinama, na gharama ya kuziweka kabla haijajengwa.

Kutoka Kitale gari lilielekea kusini, tukapita Kiminini, na nchi ikaanza kushuka. Kila tuliposhuka bondeni niliona udongo ukibadilika rangi: mlimani mwekundu, mteremkoni kahawia, na chini kando ya maji mweusi au wa kijivu. Tulipovuka daraja la Kamukuywa nilitazama kingo za mto. Mvua zilikuwa zimenyesha, na ukingo mmoja ulikuwa umemeguka.

Maji ndiyo kiini cha habari hii yote. Twaa gunia la mahindi makavu, ulisimamishe, ukae juu yake. Litakubeba, kwa kuwa punje zagusana na kubanana, na kila punje yaikataza mwenzake kuteleza. Udongo nao ni punje, kubwa au ndogo. Sasa fikiri kwamba nafasi zilizo kati ya punje zimejaa maji, na maji hayo hayana pa kutokea. Ukiongeza mzigo, maji ndiyo yaupokeayo kwanza, nayo huzisukuma punje ziachane. Punje zisipobanana hazina nguvu. Mtu aliyeliweka jambo hili katika hesabu ni Karl Terzaghi, aliyezaliwa Prague mwaka 1883. Aliufanya uchunguzi wake alipokuwa akifundisha Istanbul, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1925 ndicho kilichoifanya elimu ya udongo kuwa elimu kamili ya mainjinia. Neno lake kuu ni kwamba nguvu ya udongo haitokani na uzito wote ulio juu yake, bali na ile sehemu ya uzito ambayo punje zabebeana baada ya kuondoa sehemu inayobebwa na maji.

Watu wa Elgon hawahitaji kwenda Istanbul ili waamini. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua nyingi, mteremko mmoja wa mlima huu huu upande wa Uganda, katika wilaya ya Bududa, uliporomoka ukafukia vijiji, na mamia ya watu wakapotea. Ulikuwa udongo ule ule uliokuwa ukibeba migomba na nyumba kwa miaka. Maji yaliujaa, punje zikaachana, mlima ukatembea.

Terzaghi huyo huyo ana habari yake hapa Kenya. Katika miaka ya 1950 lilijengwa bwawa la Sasumua huko Kinangop ili kuupa mji wa Nairobi maji. Ukuta wa bwawa ulitakiwa kujengwa kwa udongo mwekundu wa pale pale, uliotokana na mawe ya volkeno. Udongo huo ulipopimwa kwa vipimo vya Ulaya ulionyesha majibu ya kutatanisha. Kwa kipimo kimoja ulionekana kuwa mfinyanzi usiofaa, na kwa kipimo kingine ulikuwa na nguvu na ulipitisha maji kuliko ilivyotazamiwa. Terzaghi aliuchunguza, na katika maandiko yake ya mwaka 1958 alieleza sababu: chembe ndogo za mfinyanzi huo zilikuwa zimeshikamana kuwa madonge magumu, na madonge hayo yalifanya kazi kama punje za mchanga. Udongo ulifaa, na bwawa likajengwa. Nawaeleza haya ili msomaji asidhani kwamba kitabu cha nchi nyingine chaweza kumwambia habari za udongo wa kwao. Ni lazima udongo wa pale pale uulizwe.

Tulipita Misikhu na Lugulu tukafika Webuye. Hapa nilishuka kwa saa moja nikaenda kuutazama mto Nzoia unavyoanguka penye maporomoko ya Nabuyole. Mto huu hukusanya maji ya Cherangani na ya Elgon pia, nao hapa wapita juu ya majabali makubwa. Mwenye kujenga daraja mahali pa jabali zima hana haja ya nguzo ndefu za chini. Hulisafisha jabali, akaisimamisha nguzo yake juu yake. Lakini mto ule ule ukiufuata mpaka Budalang'i, karibu na Ziwa Viktoria, hutaona jabali. Utaona nchi tambarare ya matope na mchanga, iliyoletwa na mto wenyewe kutoka huku juu, pamoja na mafuriko yanayowahamisha watu. Huko msingi wa juu juu hauwezi kutumainiwa, kwa maana mto ukifurika hufukua mchanga uliozunguka nguzo na kuuchukua. Daraja laweza kuanguka bila jiwe lake moja kuvunjika, kwa sababu tu kilicholishikilia kimekwenda na maji. Mto ni mmoja, lakini misingi yake haiwezi kuwa mmoja.

Mtu akitaka kuona kazi kubwa ya nguzo za namna hii katika Afrika ya Mashariki, aende Mwanza. Daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3 juu ya ghuba ya Ziwa Viktoria, na limesimama juu ya nguzo zilizochimbiwa chini ya maji mpaka penye ugumu. Vivyo hivyo daraja la Tanzanite katika Dar es Salaam, lililoanza kutumika mwaka 2022, lilijengwa baharini.

Jua lilikuwa limepinda nilipofika Bungoma. Mji huu uko chini kuliko Kitale kwa kiasi cha meta 500, na reli iendayo Uganda yaupitia. Shemeji alinipokea kwa heshima, tukanywa chai, kisha tukashuka kiwanjani yeye, dada yangu, fundi na mimi.

Nilimwomba fundi ruhusa tuchimbe shimo moja upande wa chini, nje kidogo ya kamba zake. Hakupenda sana, lakini aliita vijana wawili. Futi tano za kwanza zilikuwa udongo mweusi wenye kunata, uliokwama kwenye jembe. Baada ya hapo ukaja wa kijivu, laini kama ugali usioiva. Tulipofika futi saba maji yalianza kutiririka kutoka ubavuni mwa shimo, na kabla ya jua kutua yalikuwa yamefika magotini. Hakuna aliyesema neno kwa muda.

Fundi akasema, "Mzee, mimi nimejenga nyumba nyingi. Dawa yake ni kuongeza nondo na kujaza kifusi."

Shemeji akaniangalia. "Unasemaje, shemeji?"

Nilimjibu kwamba mimi si injinia, ila ni mtu aliyekwisha kubomoa nyumba yake mwenyewe. Nikamsihi amtafute injinia aliyesajiliwa aupime udongo kabla ya jambo lolote lingine. Hakufurahi, kwa maana gharama ya kupima haionekani ukutani. Dada yangu ndiye aliyekata maneno. Alisema, "Kuku wangu hawakuuzwa ili wazikwe hapa."

Baada ya majuma mawili nilirudi, nikamkuta injinia kijana na watu wake wamesimamisha miti mitatu iliyofungwa pamoja juu, na nyundo ikining'inia katikati. Nilimwomba anieleze kila jambo, naye alinieleza kwa subira. Nyundo ina uzito wa kilo 63.5, nayo huangushwa kutoka kimo cha sentimita 76 ili kulipigilia bomba la chuma ardhini. Sentimita 15 za kwanza hazihesabiwi, kwa kuwa udongo wa pale umevurugwa na kuchimba. Kisha huhesabu mapigo yanayotakiwa ili bomba lishuke sentimita 30 nyingine. Mapigo yakiwa machache, udongo ni dhaifu. Yakiwa mengi, ni mgumu. Upande wa chini wa kiwanja, mapigo yalikuwa matatu au manne tu kutoka meta mbili mpaka meta saba. Hapo yakaanza kupanda, na penye meta tisa yalipita 40. Upande wa juu, karibu na barabara, maramu ngumu ilipatikana meta moja tu kutoka juu.

Nilimwuliza, nguzo ya msingi hubebaje? Akasema hubeba kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwa nyayo, yaani ncha ya chini ikalie udongo mgumu au mwamba. Ya pili ni kwa ubavu, yaani udongo unaoizunguka uikwaruze na kuikataza kushuka, kama vile kigingi cha ng'ombe kilivyo kigumu kung'oa. Jumla ya nguvu hizo mbili ndiyo mwisho wa uwezo wake, na injinia mwenye busara hatumii jumla yote, bali huigawanya kwa mbili na nusu au tatu, kwa sababu ya mambo asiyoweza kuyaona.

Akatupigia hesabu juu ya karatasi. Tuseme nguzo ina upana wa sentimita 45 na urefu wa meta 10. Meta saba za juu zimo katika udongo laini, basi tusizihesabu. Meta tatu za mwisho zimo katika udongo mgumu. Eneo la ubavu wa meta hizo tatu ni meta za mraba 4.2, na kama kila meta ya mraba yashikilia tani 5, tunapata tani 21. Eneo la nyayo ni meta ya mraba 0.16, na kama udongo mgumu wavumilia tani 250 kwa meta ya mraba, tunapata tani 40. Jumla tani 61. Igawanye kwa mbili na nusu, zabaki tani 24 za kutumainiwa, yaani kama magunia 266 ya mahindi juu ya nguzo moja. Nyumba aliyoitaka shemeji, pamoja na watu na bidhaa, ingekuwa na uzito wa tani 350 hivi. Kwa hiyo zingehitajika nguzo 15.

Shemeji akauliza kama zaweza kupangwa pamoja mahali pamoja. Injinia akatikisa kichwa. Nguzo zilizokaribiana sana hunyang'anyana udongo mmoja, na kundi lote huweza kuzama kama kitu kimoja. Ni heri zitengane kwa kiasi cha mara tatu ya upana wake. Akaongeza neno juu ya kifusi: ukimwaga kifusi kizito juu ya udongo laini, udongo huo hushuka polepole kwa miaka, na ukishuka huzivuta nguzo chini pamoja nao. Hapo ubavu, badala ya kusaidia, huwa mzigo. Nasi tukajua kwamba kifusi peke yake kisingekuwa dawa.

Kisha akamgeukia fundi kwa adabu. "Nondo huipa nguvu nyumba, fundi. Udongo haupati nguvu kwa nondo." Fundi alikaa kimya kidogo, akasema kwamba hata yeye alikwisha kuona kisima cha jirani kilichoko bondeni hakikauki wakati wa kiangazi, lakini hakulifikiria jambo hilo kuwa la msingi. Nilimheshimu kwa kusema hivyo. Macho yake yalikuwa yameona. Hakuwa amefundishwa maana ya alichokiona.

Lilibaki swali la fedha. Bei ya nguzo 15, pamoja na mashine ya kuchimba, zege na nondo zake, ilikaribia nusu ya akiba yote, na bado hakuna tofali lililowekwa juu ya ardhi. Walizungumza usiku ule mpaka taa ikaisha mafuta. Asubuhi shemeji alitoka nje, akang'oa vigingi kwa mikono yake mwenyewe, akavipeleka upande wa juu. Nyumba ilijengwa pale, ya chini tu, msingi wake ukiwa juu ya maramu. Injinia aliuchora msingi huo kwa namna ambayo ghorofa yaweza kuongezwa siku fedha itakapopatikana. Duka ni dogo kuliko alivyoota. Upande wa chini dada yangu amepanda nduma na nyasi za mabingobingo, nazo zimestawi sana, kwa maana maji ndiyo chakula chao.

Nilipita hapo tena baada ya masika mawili. Nilizunguka kuta zote kama mganga, nikitafuta ufa. Sikuuona. Lakini kule bondeni, lile shimo letu la kwanza lilikuwa limeporomoka na kuwa dimbwi, na bata walikuwa wakiogelea ndani yake. Shemeji alilitazama kwa muda mrefu, akasema, "Hapo ndipo ingekuwa jikoni."

Wasomaji wapendwa, si kila mtu aweza kumlipa injinia kwa kibanda cha vyumba viwili. Lakini yako mambo ambayo kila mjenzi aweza kuyafanya. La kwanza, chimba shimo kabla ya kuvuta kamba. Ukinunua kiwanja, chimba choo kwanza, mbali na kisima na mbali na mahali pa nyumba, nawe utaona tabaka zote za udongo wako kwa gharama ambayo ungelipa hata hivyo. Kisha chimba shimo jingine dogo karibu na mahali pa nyumba yenyewe, kwa maana udongo hubadilika katika hatua chache, nalo ulizibe vizuri kwa kushindilia. La pili, uliza wazee wa pale maji husimama wapi wakati wa masika, na kisima kipi hakikauki. La tatu, ukikuta udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, usiweke msingi juu yake. Huvimba ukinywa maji na hunywea ukikauka, na ukuta hauwezi kucheza ngoma hiyo. Uondoe mpaka ufike maramu, kama si mbali. Kama ni mbali, hama. La nne, peleka maji ya paa mbali na msingi kwa mifereji.

Na kwa nyumba ya ghorofa, hapo hakuna mzaha. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa sita katika Huruma, Nairobi, lililokuwa karibu na mto, lilianguka usiku wa mvua kubwa, na karibu watu 50 wakafa. Kenya inayo Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na serikali za kaunti ndizo zitoazo ruhusa ya kujenga. Mtu akiona ruhusa hiyo kuwa usumbufu, na akumbuke kwamba wapangaji watakaolala juu ya udongo wake hawakuuona shimoni.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba nyufa zangu zote, mmoja baada ya mwingine, na bado nilijenga ukuta mara ya pili, kwa kuwa ufa niliouziba haukuwa ukutani. Msafiri atakayepita njia ya Kitale na Bungoma, na aendelee kuyafurahia mashamba. Ila gari likishuka bondeni, atazame pia rangi ya udongo penye ukingo wa barabara. Huenda siku moja atataka kununua kiwanja hapo.